Kehancha: Mkataba ni wa Muda, Wagonjwa ni wa Kudumu

Saa kumi na mbili alfajiri, kabla mama wa kwanza hajafika na mtoto mgongoni, muuguzi anayekwenda kuchanja vijijini huanza siku yake na barafu. Hutoa frijini zile chupa bapa za maji zilizoganda usiku kucha, akazipanga mezani, kisha akasubiri. Haziingizi katika kibebeo cha chanjo zikiwa bado zimeganda kabisa. Kila baada ya muda huinua moja, akaitikisa karibu na sikio. Akisikia maji yameanza kucheza ndani, ndipo huzipanga. Sababu anaijua vizuri: chanjo ya pentavalenti ikishagandishwa imeharibika, na kuyeyuka hakuirudishii nguvu. Inapaswa kukaa kati ya nyuzi 2 na nyuzi 8 za selsiasi, njia nzima, kwenda na kurudi. Kisha hukagua kibandiko cha kila kichupa, duara lenye mraba katikati. Mraba ukiwa mweupe kuliko duara, chanjo ni nzima. Rangi zikilingana, kichupa hicho hakitumiki. Akishafunga kifuniko hupanda bodaboda, kibebeo mapajani, akaenda kuwatafuta watoto waliokosa kuja kwake.

Kazi hii hufanywa vivyo hivyo Kehancha, Lamu na Lodwar. Ndiyo maana muuguzi anaweza kutumwa popote, au kujipeleka popote penye nafasi, na kuanza kazi siku anapofika. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Muuguzi hapewi hata hizo siku mbili. Anaweza kushuka kwenye matatu Kehancha jioni na kesho yake akawa ameshika zamu ya wodi ya wazazi.

Swali linalofaa kuulizwa ni hili: akishaanza, tunataka akae muda gani? Katika mji kama Kehancha jibu la swali hilo huamua nani anapona na nani anapotea, na kwa sasa tunalijibu vibaya.

Wanavyofika

Kehancha ndiyo makao makuu ya Kuria Magharibi, kaunti ya Migori, katika pembe ya kusini-magharibi mwa Kenya. Ukifuata barabara kuu kutoka Migori mjini kuelekea kusini utafika Isebania, na ng'ambo ya lango la mpaka ni Sirare, Tanzania. Kutoka Isebania unakata mashariki hadi Kehancha, na njia huendelea hadi Kegonga na Ntimaru, Kuria Mashariki. Hii ni nchi ya Wakuria, watu ambao mpaka wa wakoloni uliwaacha wengine Kenya na wengine Tanzania. Ni nchi ya mahindi, mihogo, wimbi na tumbaku. Kuria ilipata wilaya yake yenyewe mwaka 1993, na hospitali ya Kehancha ndiyo inayopokea wagonjwa wanaoshindikana katika vituo vya afya na zahanati za jirani. Kwa mpangilio wa afya wa Kenya wenye ngazi sita, zahanati ni ngazi ya pili, na mara nyingi hutegemea muuguzi mmoja au wawili. Yeye ndiye mkunga, ndiye mchanjaji, ndiye mwenye funguo za stoo ya dawa. Wanakijiji humwita daktari, na kwa kazi anayoifanya hawajakosea sana.

Wauguzi hawa hufika kwa njia tatu. Wapo walioajiriwa na kaunti kwa masharti ya kudumu na ya pensheni, wenye barua ya kazi inayowafunga na Migori hadi wastaafu. Wapo wa mkataba, wa mwaka mmoja, miwili au mitatu, ambao wengi walikuja kwa mpango wa Afya kwa Wote au kwa miradi ya wafadhili. Na wapo wa lokamu: muuguzi anayelipwa kwa zamu, leo katika kliniki ya binafsi Isebania, Jumamosi katika kituo cha Kegonga, Jumapili amerudi Migori. Wa lokamu ndiye aliye karibu zaidi na yule ambaye Wamarekani wanamwita muuguzi msafiri, ingawa maisha ya wawili hao hayafanani.

Marekani kazi hiyo ni tasnia kamili. Kampuni za uwakala humpeleka muuguzi katika hospitali yenye upungufu, kwa kawaida kwa wiki 13, halafu anaongeza muda au anahamia kwingine. Hulipwa zaidi ya mwenzake wa kudumu aliyesimama naye kando ya kitanda kimoja, na huongezewa posho ya nyumba na chakula. Majimbo yapatayo 40 yanakubali leseni moja ya pamoja, hivyo muuguzi anaweza kuvuka jimbo bila kuanza upya makaratasi. Wako Wakenya wengi katika soko hilo, na wanaolisifu wanasifu jambo moja hasa: anayekubali kukaa mbali na kwao analipwa kwa kukubali huko.

Kwetu mambo yamegeuka. Mwaka 2020, korona ilipoingia, serikali iliajiri maelfu ya wahudumu wa afya kwa mikataba chini ya mpango wa Afya kwa Wote na kuwasambaza katika kaunti zote. Walifanya kazi ileile, kwa vyeti vilevile, katika zamu zilezile za usiku, na walilipwa chini ya wenzao wa kudumu. Mikataba ilipokwisha iliongezwa kwa muda mfupi mfupi. Mwaka 2025 wengi wao walipiga kambi nje ya Jumba la Afya, makao ya Wizara ya Afya jijini Nairobi, wakidai kuajiriwa kwa kudumu. Mtu aliyekubali kuacha kwao na kwenda kufanya kazi mpakani alitakiwa aende tena mji mkuu, akalale barabarani, ili aombe kile alichokuwa tayari anakifanya.

Leseni moja, waajiri 47

Ugumu mwingine uko katika muundo wenyewe. Muuguzi wa Kenya husajiliwa na Baraza la Wauguzi la Kenya, na leseni yake inatambuliwa nchi nzima. Lakini tangu 2013, Katiba ya 2010 ilipoanza kutekelezwa na huduma za afya zikagatuliwa, mwajiri wake ni kaunti. Migori ina bodi yake ya utumishi wa umma, Homa Bay ina yake, Narok ina yake. Muuguzi wa Kehancha ambaye mume wake yuko Eldoret na watoto wako kwa nyanya yao Kakamega hawezi kuomba uhamisho kama mwalimu anavyoomba kwa tume moja ya kitaifa. Lazima kaunti anayoiacha imwachilie na kaunti anayoitaka impokee, na bajeti ya mishahara ya kila upande ikubali. Wengi huishia kubadilishana: muuguzi wa huku anatafuta kwa marafiki mtu wa kule anayetaka kuja huku. Wakikosekana, anayechoka huacha kazi.

Ugatuzi umefanya mema. Kuna vituo vilivyofunguliwa katika vijiji ambavyo zamani mjamzito alibebwa kwa kitanda cha kamba. Lakini umetuachia taifa moja lenye wauguzi waliofungiwa katika vyumba 47. Mgomo wa wauguzi wa mwaka 2017, ulioanza tarehe 5 Juni na kumalizika tarehe 2 Novemba, ulionyesha gharama yake: makubaliano ya malipo yalikuwa yakijadiliwa kati ya chama cha wauguzi, serikali kuu na magavana, kila upande ukimtazama mwenzake, na wodi zikabaki kimya karibu miezi mitano.

Yasiyoandikwa katika barua ya kazi

Anayedhani muuguzi ni muuguzi tu, popote alipo, afikirie mambo ambayo mgeni wa Kehancha hulazimika kuyajifunza.

La kwanza ni majina. Katika foleni ya kliniki asubuhi moja kunaweza kuwa na kina Boke, kina Robi, kina Gati, Chacha, Mwita na Marwa wengi, na majina ya pili yakafanana pia. Mwenyeji huuliza zaidi: wa kwa nani, wa mlima gani, wa ukoo upi kati ya Abagumbe, Abakira, Abairege na Abanyabasi. Asiyejua kuuliza anaweza kumwandikia Mwita huyu dawa ya Mwita yule, au kuamini mtoto amemaliza chanjo kumbe rekodi ni ya mtoto mwingine.

La pili ni tumbaku. Msimu wa kuchuma unapofika, kijana huja zahanati anatapika, kichwa kinamuuma, anaona kizunguzungu. Muuguzi aliyehamia jana atafikiria malaria, na si vibaya kupima. Lakini aliyekaa atauliza pia kama asubuhi alichuma majani yenye umande. Nikotini ya jani bichi huyeyuka katika maji na kupenya ngozi, na mtu huugua bila kuvuta hata sigara moja. Dawa ya kwanza ni kumwondoa shambani, kumwosha na kumbadilisha nguo. Vivyo hivyo kwa wachimbaji wa dhahabu wa kaunti ya Migori wanaotumia zebaki kukusanya chembe za dhahabu: mikono inayotetemeka ya mchimbaji humwambia kitu muuguzi anayejua anatoka wapi, na haimwambii kitu asiyejua.

La tatu ni mpaka. Kwa ofisi za Nairobi na Dodoma mpaka ni mstari. Kwa mama wa Kuria ni njia ya kwenda kwa shangazi. Anaweza kuhudhuria kliniki ya ujauzito upande wa Tanzania akiwa kwa wazazi wake na kuja kujifungua upande wa Kenya alikoolewa, au kinyume chake. Anafika na kadi ya Tanzania ambayo haina nafasi katika rejesta ya Kenya, wala haisomwi na mfumo wa bima ya Kenya. Muuguzi mzoefu huisoma kadi hiyo, akatoa yanayohusu (kundi la damu, kipimo cha VVU, sindano za pepopunda), akayaandika upya. Asiye mzoefu huanza vipimo upya, au humrudisha mama nyumbani akalete karatasi.

Mpaka huo ulionekana waziwazi chanjo ya malaria ilipokuja. Tarehe 13 Septemba 2019 Kenya ilianza kuitoa kwa majaribio, na uzinduzi ukafanyika katika kaunti jirani ya Homa Bay. Migori ilikuwa miongoni mwa kaunti nane za ukanda wa ziwa zilizochaguliwa. Afrika nzima ni nchi tatu tu zilizoanza mwaka huo, Malawi, Ghana na Kenya, Tanzania haikuwemo. Hivyo watoto wa mtu na nduguye, waliotenganishwa na mwendo wa bodaboda, mmoja alistahili chanjo na mwingine hakustahili. Muuguzi wa Isebania na Kehancha ndiye aliyeachiwa kumweleza mama aliyevuka na mtoto wake.

Na tuitazame ratiba ya chanjo hiyo kama ilivyoanza: dozi nne, katika miezi 6, 7, 9 na 24 ya umri wa mtoto. Kuanzia sindano ya kwanza hadi ya mwisho ni mwaka mmoja na nusu. Dozi ya nne ndiyo ngumu, kwa kuwa mtoto wa miaka miwili anakimbia, haugui ovyo, na mama ameshasahau kliniki. Anayemkumbusha ni muuguzi anayemjua, anayemwona sokoni na kumwuliza, mama Boke, huyu mbona hajarudi? Muuguzi wa mkataba wa mwaka mmoja hatakuwepo. Wa wiki 13 angeifikia dozi ya tatu kwa shida. Kwa ukanda huu hilo si jambo dogo: utafiti wa kitaifa wa malaria wa mwaka 2020 ulionyesha maambukizi kwa watoto wa ukanda wa ziwa kuwa asilimia 19, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 6.

Desemba

Kuna mwezi mmoja ambao muuguzi mgeni hafundishwi chuoni. Katika miaka ambayo inchama, baraza la wazee la kila ukoo, limekubali tohara ifanyike, shule zinapofungwa Desemba mji hubadilika. Vijana wa kiume hupitishwa katika sherehe, na pamoja nao, kwa siri au kwa wazi, wasichana hukeketwa. Sheria ya mwaka 2011 iliharamisha ukeketaji wa kila namna, hata ukifanywa na mhudumu wa afya, na inamfuata Mkenya hata akimvusha binti mpaka. Inamtaka pia anayejua jambo hilo atoe taarifa.

Katika mwezi huo usiku wa zamu unaweza kuleta msichana anayevuja damu, ameletwa na shangazi asiyetaka kusema kilichotokea. Muuguzi ana kazi mbili kwa wakati mmoja. Ya kwanza ni kuokoa uhai: kuzuia damu, kuweka dripu, kuomba damu, kupiga simu ya ambulensi. Ya pili ni kufuata sheria katika mji ambao kesho asubuhi atakutana na ndugu za msichana huyo dukani. Akionekana kuwa polisi, shangazi mwingine hatamleta binti mwingine, na binti huyo atafia ndani. Akinyamaza, naye anaungana na waliokata.

Njia ya katikati haifundishwi kwa waraka. Hujengwa mapema, Machi, Juni, Septemba, kwa kukaa na akina mama kliniki, kwa kufahamiana na chifu na walimu, kwa kujua nyumba ya hifadhi iko wapi na nani wa kumpigia simu usiku. Huwezi kuijenga ukiwa umefika Novemba kwa mkataba unaokwisha Februari. Wauguzi wanaohimili Desemba ni wale ambao wazee wanawajua kwa majina na wasichana wanawajua kwa sura.

Hapa naikumbuka kazi ya Anna Qabale Duba, muuguzi wa Marsabit, kaskazini kabisa ya nchi. Tarehe 12 Mei 2022, siku ya wauguzi duniani, alipewa huko Dubai tuzo ya kimataifa ya wauguzi ya Aster Guardians, iliyokuwa ikitolewa kwa mara ya kwanza, yenye dola 250,000. Alitambuliwa kwa kupambana na ukeketaji na ndoa za mapema katika jamii yake ya wafugaji na kwa kuanzisha shule kijijini kwao, Torbi, ambako watoto husoma mchana na wazazi wao husoma baadaye. Kwa kuwa alizaliwa pale, alikuwa na miaka ya kuaminika kabla hajaanza. Mgeni wa Kehancha anahitaji apewe miaka hiyo.

Damu haisubiri

Wapo watakaosema mapenzi ya watu ni mazuri lakini hayapimiki. Basi tuingie wodi ya wazazi, ambako kila kitu hupimwa.

Mama anapojifungua na damu ikafika mililita 500, huo ni mvujo wa hatari. Kwa miaka mingi wakunga walikadiria kwa macho, na macho hupunguza. Mwaka 2023 yalitolewa matokeo ya utafiti mkubwa wa E-MOTIVE uliofanywa katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini. Mbinu yake ni nyepesi. Mkunga hutandika chini ya mama plastiki lenye mfuko na mistari ya vipimo, ili aone damu imefika wapi. Ikifika kwenye mstari wa onyo, hatua zote hufanywa kwa pamoja: kukanda mji wa mimba, dawa ya kuubana, asidi ya traneksamiki ya kuzuia damu iliyoganda isiyeyuke, dripu, na kumkagua mama ili kujua damu inatoka wapi. Mivujo mikali na madhara yake makubwa yalipungua kwa asilimia 60.

Hakuna kifaa cha ajabu katika hilo. Kuna watu wawili au watatu waliozoea kufanya kazi pamoja, kila mmoja akijua mwenzake atanyoosha mkono wapi, oksitosini iko frijini upande gani, dereva wa ambulensi analala wapi. Timu inayobadilishwa kila baada ya miezi michache lazima ijifunze hayo upya, na mama anayevuja damu hana muda wa kusubiri ijifunze. Muuguzi wa lokamu aliyeingia zamu hii kwa mara ya kwanza anaweza kuwa hodari kuliko wote chumbani, na bado akapoteza dakika tatu akitafuta kabati la dawa.

Gharama ya anayekuja

Ukikaa na wauguzi jioni wakiwa wamevua sare, mazungumzo huanza na nyumba. Nyumba za watumishi karibu na zahanati ni chache, na zilizopo nyingi zimechoka. Anayepanga mjini hulipa nauli ya bodaboda kila siku, na akiitwa usiku kwa mama wa uchungu hutembea gizani na tochi ya simu. Kisha mazungumzo huhamia kwa mshahara uliochelewa, halafu kwa watoto. Mama aliyewaacha watoto wake mbali hujua sauti zao kwa simu kuliko sura zao, na hapo ndipo kicheko hukatika.

Lugha nayo hutoza ushuru wake. Kiswahili kinamtosha muuguzi sokoni, lakini bibi wa miaka sabini anayeeleza maumivu yake kwa Kikuria anahitaji mtu wa katikati, na mara nyingi mtu huyo ni mjukuu wake ambaye bibi hatamtajia ugonjwa wa sehemu za siri. Mhamasishaji wa afya ya jamii husaidia sana hapa. Mpango wa taifa uliozinduliwa Septemba 2023 uliwapa wahamasishaji zaidi ya 100,000 nchini mkoba wa vifaa na simu. Wao ndio wenyeji wa muuguzi mgeni, ndio wanaompeleka nyumba hadi nyumba. Lakini nao wanahitaji muuguzi wa kumpelekea habari, na huyo akibadilika kila mara, habari hazina pa kukaa.

Januari 2025 tuliona jinsi kazi ya mkataba inavyoweza kukatika kwa siku moja. Serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, miradi ya VVU ambayo imekuwa nguzo ya kliniki za Homa Bay na Migori, kaunti zenye mzigo mkubwa wa ugonjwa huo, ilitikisika. Watu waliokuwa wakifuatilia wagonjwa wa dawa za ARV walibaki nyumbani. Dawa inaweza kuwepo kabatini, lakini anayejua kwamba mzee fulani hakuja mwezi huu kwa sababu ameenda kuchunga Tarime, upande wa Tanzania, ni mtu, na mtu huyo alikuwa ameondolewa kazini.

Na wanaopitiliza

Wakati Kehancha inangoja wauguzi, vijana wake wanasomea uuguzi. Chuo cha Mafunzo ya Tiba cha Kenya, kilichoanzishwa mwaka 1927, kina kampasi Migori na Homa Bay, na Kuria pia imepata yake. Kijana wa Mabera au Kegonga anaweza leo kusoma karibu na nyumbani. Akihitimu, hukaa. Si kazini, hukaa nyumbani akisubiri tangazo la bodi ya kaunti, huku akiokota zamu za lokamu. Ndipo njia ya nje inapofunguka. Julai 2021 Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano ya kuwapeleka wauguzi wa Kenya wasio na ajira katika hospitali za Uingereza. Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilitia saini makubaliano ya uhamaji wa wafanyakazi. Saudi Arabia na nchi za Ghuba zimekuwa zikiwachukua kwa miaka mingi.

Simlaumu anayeondoka. Eunice Muringo Kiereini, Mkenya aliyeongoza Baraza la Kimataifa la Wauguzi kuanzia 1981 hadi 1985, alionyesha zamani kwamba muuguzi wa Kenya anaweza kusimama popote duniani. Na sisi wa ukanda wa ziwa tumefaidika na wasafiri wa upande wa pili pia: misheni ya Waadventista ilifika Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906, na kutoka hapo ilizaliwa hospitali ambayo wauguzi wa kigeni walifanya kazi pamoja na wenyeji kwa miongo mingi. Tukumbuke tu kwamba waliojenga jina la hospitali ile walikaa, wakajifunza Dholuo, wakazika wenzao hapa. Wageni waliacha alama kwa kuwa walipewa muda.

Kinachouma ni kumwona kijana wa Kuria anayejua Kikuria, anayejua koo na milima na miezi, akivuka bahari kwenda kuwatunza wazee wa Uingereza, huku zahanati ya kijijini kwao ikifungwa saa nane kwa kuwa muuguzi mmoja aliyepo ameenda semina.

Yanayowezekana

Mambo kadhaa yako ndani ya uwezo wetu, na mengi hayahitaji fedha za ajabu.

Mkataba wa muuguzi wa zahanati usiwe mfupi kuliko safari ya mtoto mmoja kutoka mimba hadi chanjo ya mwisho. Hiyo ni karibu miaka mitatu. Kaunti isiyoweza kumwajiri mtu kwa kudumu inaweza angalau kumhakikishia kipindi hicho, na imlipe sawa na mwenzake wa kudumu.

Anayeondoka apishane na anayeingia kwa wiki mbili kamili, wakitembea pamoja vijijini, ili majina, njia na wagonjwa wa kufuatiliwa vikabidhiwe kwa mdomo na kwa daftari.

Zahanati ijengwe pamoja na nyumba ya muuguzi, yenye maji, mlango imara na taa ya sola. Jengo la zahanati bila nyumba hiyo hufanya kazi mchana tu, na watoto huzaliwa usiku pia.

Baraza la Magavana likubaliane juu ya utaratibu mmoja wa uhamisho kati ya kaunti, wenye muda maalumu wa kujibu ombi. Aliyetumikia Kehancha miaka mitano asiadhibiwe kwa kutaka kurudi kwa watoto wake, na anayetaka kuja asizuiwe na karatasi.

Vijana wa Kuria wanaohitimu kampasi ya nyumbani wapewe nafasi za kwanza katika zahanati za kwao, wakichanganywa na wageni. Na hospitali za Kehancha na Tarime zikae meza moja zikubaliane kusoma kadi za kliniki za kila upande, kwa kuwa akina mama walishakubaliana zamani.

Wageni wataendelea kuhitajika, na wataendelea kuja. Muuguzi atokaye mbali huleta ujuzi mpya na macho ambayo hayajazoea mabaya. Mgeni njoo, mwenyeji apone: hiyo ni kweli Kehancha kila siku. Lakini kupona huko kunategemea mgeni kukaa hadi awe mwenyeji. Kaunti ya Migori ikitaka mama wa Kuria amwamini muuguzi kiasi cha kumletea binti yake usiku wa manane, ianze yenyewe kwa kumpa muuguzi huyo sababu ya kukaa.